Kadi yenye picha ya Meru

Leo nimesimama Posta ya Mnara wa Saa, Arusha, nikituma kadi kwa binti aliyefungwa Belarusi kwa sababu za siasa. Dada wa dirishani akauliza, "Ni ndugu yako?" Nikasema ndiyo. Machozi yakanilenga.

Kule wafungwa wa siasa huvalishwa kibandiko cha njano kifuani. Ales Bialiatski, mwanaharakati wa huko aliyeanzisha shirika la haki za binadamu la Viasna mwaka 1996 kuwasaidia wafungwa na familia zao, alipewa Nobel ya Amani 2022 akiwa mahabusu. Machi 2023 akahukumiwa miaka 10!

Baba alipowekwa ndani, majirani walitukwepa. Mama mmoja tu, muuza ndizi, alimpelekea salamu. Baba anazitaja mpaka leo.

Nimenakili Kirusi herufi moja moja: tunakukumbuka, huku mvua zimeanza.