Baiti mbili zilizoliwa: kumbukumbu ya draiva ya virtio

Alhamisi usiku

Mfumo endeshi mdogo ninaoufuatilia, kazi ya watu wa kujitolea, umepoteza mtandao. Ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, unawaka vizuri na madirisha yanafunguka, ila DHCP, utaratibu wa kuomba anwani ya mtandao, inaomba na haijibiwi. Toleo rasmi lililopita, kwenye laptopu hiihii hapa Nkuhungu, Dodoma, lilipata 10.0.2.15 mara tu lilipowaka. Anwani hiyo hutolewa na mtandao wa ndani wa QEMU yenyewe, kwa hiyo ruta ya nyumbani na mnara wa simu havihusiki kabisa.

Nimebadilisha kadi pepe, yaani kadi ya mtandao ambayo QEMU inauigizia mfumo. Nikiweka e1000, ile inayoiga chipu ya Intel 82540EM, mtandao upo. Nikirudisha virtio-net, kadi ya aina ya virtio, kimya. Basi draiva ya virtio, msimbo wa mfumo unaoendesha kadi hiyo, imeharibika mahali fulani kati ya toleo rasmi na msimbo wa sasa.

Mtu anaweza kusema tumia e1000 uendelee na maisha. Mimi sikubali. Kuiga chipu halisi kunamchosha mwenyeji (laptopu yenyewe), wakati virtio ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashine pepe: mgeni (mfumo ulio ndani ya QEMU) na mwenyeji wanapeana pakiti kupitia foleni zilizo kwenye kumbukumbu wanayoiona wote wawili. Kwenye laptopu ya mtumba kama hii tofauti unaiona kwa macho.

Ijumaa

Nimeshusha msimbo wote kwa bando la usiku. Lazima historia nzima, maana ukishusha kipande cha juu tu, `git bisect`, amri inayotafuta badiliko lililoleta kosa kwa kugawa historia nusu kwa nusu, haina pa kurudi nyuma.

Jumamosi

Siku ya kukompaili. Uzuri wa kugawa nusu kwa nusu ni hesabu yake: mabadiliko elfu moja yanakwisha kwa hatua kama kumi. Nimeandika skripti inayojenga mfumo, inauwasha ndani ya QEMU bila skrini, inaelekeza maandishi ya mlango wa siriali kwenye faili, kisha inatafuta 10.0.2.15 humo. Ikiipata inarudisha 0, ikiikosa inarudisha 1. Msimbo ukikataa kujengeka inarudisha 125, na git inaelewa kwamba hapo iruke. Nimeikabidhi kwa `git bisect run`, nikaenda sokoni Majengo.

Niliporudi jibu lilikuwepo: badiliko lililoleta virtio 1.0 kwenye draiva. Ni badiliko kubwa, linagusa mafaili mengi, na kila nikilisoma naliona lina mantiki. Nimejua lilipoingia kosa, sijajua kosa lenyewe. Kidokezo kimoja: nikiongeza `disable-modern=on` kwenye kadi pepe, yaani nikilazimisha njia ya zamani, mtandao unarudi.

Jumapili

Leo nimeacha kusoma msimbo, nikaangalia baiti. QEMU ina `filter-dump`, inayorekodi kila fremu (kifurushi cha data cha mtandao) inayotoka kwa mgeni kwenye faili linalosomeka kwa tcpdump, programu ya kuchunguza mtandao. Fremu ya kwanza ya DHCP imeanza hivi:

`ff ff ff ff 52 54 00 12 34 56 08 00 45 00`

Binti wa jirani anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma alikuwa amekuja kuchaji simu. Akainama kwenye skrini.

“Kaka, si ulisema ombi la DHCP linaenda kwa wote? Mbona ff ziko nne?”

“Zinatakiwa sita, mdogo wangu. Anwani ya mpokeaji ina baiti sita, na zote zikiwa ff maana yake ni kwa wote.”

Na hapo kila kitu kikajipanga. Anwani ya kadi, ile ya kawaida ya QEMU, ni 52:54:00:12:34:56. Hapa 52 54 imeingizwa kwenye anwani ya mpokeaji, 08 00 iliyotakiwa kusema “hii ni IPv4” imekuwa mkia wa anwani ya mtumaji, na 45 00, mwanzo wa pakiti ya IP, imekaa kwenye nafasi ya aina ya fremu. Hakuna kilichoharibika ndani. Fremu yote imesogea mbele baiti mbili, na haina wa kuipokea.

Virtio huweka kichwa chake kidogo mbele ya kila fremu. Kwa njia ya zamani kina baiti 10, isipokuwa pande mbili zikikubaliana kuunganisha bafa za kupokea, yaani vipande vya kumbukumbu vinavyopokea data. Hapo huwa 12. Kwenye virtio 1.0 ni 12 daima. Badiliko lile lilikubali bendera ya VERSION_1, biti ya 32 inayosema “tunatumia virtio 1.0”, lakini likaendelea kuandika kichwa cha baiti 10. QEMU ikasoma 12, ikala ff mbili za mwanzo.

Jumatatu usiku

Nilirekebisha upande wa kutuma kwanza, makusudi, nione upande wa pili. Jibu la DHCP lilifika kwa mgeni likiwa na 01 00 mbele ya fremu: ni ile sehemu ya kichwa inayotaja idadi ya bafa, moja, ambayo draiva haikuiondoa. Kosa lilelile likitazama upande mwingine.

Sasa urefu wa kichwa unaamuliwa mara moja, baada ya makubaliano ya bendera, na kutuma na kupokea vyote vinasoma namba hiyohiyo. Mtandao upo kwa njia mpya na ya zamani. Kiraka nimewatumia wasimamizi pamoja na zile baiti 14. Kesho naigeuza skripti iwe jaribio la kudumu linalowasha kadi zote tatu: e1000, virtio ya zamani na virtio mpya.