Kaswali ka yule dogo

Tangu Jumatano kichwani kwangu kuna sauti moja tu. Sendofu ya Neema imepita salama (nililia, mlitegemea nini), umeme ulikata siku mbili, meza yangu imehamishiwa dirishani, yote sawa, ila kaswali ka yule dogo wa fildi ndo hakatoki.

Kazi yangu mnaijua, mafuta ya transfoma tunayatia kwenye vichupa, tunayapasha mpaka nyuzi 70, gesi iliyojificha humo inapanda juu, mashine inaivuta inatuambia transfoma inaumwa nini, ukiona gesi ya asetilini ujue ndani kuna cheche. Sasa mi nilikuwa nimekalibreti, yaani kuifundisha mashine kusoma, kwa gesi ya mtungi yenye kiasi kinachojulikana, kwenye vichupa vitupu, mstari ukanyooka kama rula, 0.999 (1 ndo mnyoofu kabisa), nikauprinti nikaubandika ukutani najidai. Dogo kauangalia weee, akasema, "Dada, samahani, hii gesi ya mtungi si haijawahi kukaa kwenye mafuta?"

Nikamjibu, "Wewe andika hizo lebo."

Andika hizo lebo! Mimi, niliyewajazia humu malalamiko mwaka jana bosi aliponinyamazisha hivyo hivyo mbele ya wageni. Na mtoto wa watu alianza na samahani.

Usiku sikulala, napiga hesabu. Haidrojeni na mafuta haziivi, ukiyapasha inatoka karibu yote, ndo maana sikushtuka. Asetilini sasa! Mafuta mili 10, nafasi juu yake mili 10, karibu nusu inabaki kwenye mafuta imetulia na mashine haina habari, kwenye vichupa vitupu hakukuwa na mafuta ya kuishika.

Ijumaa nikaanza upya, mafuta mapya, nikayapitishia mapovu ya gesi ya agoni mpaka gesi nyingine zote zikatoka, nikagawa mili 10 kila kichupa, kuchoma gesi kwa sirinji nikamwachia yeye. Mkono hautetemeki jamani! Mstari ukaja 0.997, mbaya kuliko ule wa ukutani, na ndo wenyewe. Piki (kilima cha kwenye grafu) ile ile ya sampuli ya juzi iliyokuwa inasoma asetilini 4 ppm (sehemu kwa milioni) ikawa karibu 8, haidrojeni ikasogea kiduchu. Ripoti ilikuwa haijatoka, Mungu fundi.

Nikamwambia dogo nisamehe, ulikuwa sahihi. Akashangaa. "Aah dada, mi niliuliza tu, jibu nilikuwa silijui."

Nimecheka mpaka kwenye daladala.

Ila baba kapiga simu jioni, mguu umevimba tena, anasema ni viatu. Viatu gani wakati anashinda na kandambili?