Mawe hai yakae juu ya kioo, si juu ya mchanga

Tangi la samaki la maji chumvi likiporomoka ndani, mara nyingi kosa ni mpangilio wa siku ya kwanza. Mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe wadogo wanaosafisha maji, yakikalishwa juu ya mchanga, kamba na samaki wanaopenda kuchimba watafukua chini yake, na lundo zima litaangukia kioo. Mawe yaguse sakafu ya tangi, mchanga uyazunguke.

Lakini kabla ya mawe kuna maji. Tangi la lita 200 likishajaa mawe na mchanga hubaki na maji lita 170 hivi. Tumia maji yaliyochujwa, yasiyo na klorini, maana klorini huua bakteria wale wale uliowafuata kwenye mawe. Changanya gramu 35 hadi 40 za chumvi ya akwaria za baharini kwa kila lita, kwenye pipa la pembeni lenye pampu na hita, yazunguke usiku kucha. Unatafuta nyuzi joto 25 za Selsiasi na chumvi sehemu 35 kwa kila elfu. Usimwage chumvi kavu kwenye tangi lenye mawe: chembe zikitua juu ya jiwe huunguza viumbe.

Mawe ya jumla ya kilo 20 yanatosha, hata pungufu kama yana vitundu vingi. Nusa kila moja. Jiwe zima hunuka bahari. Likinuka yai viza, lisugue kwa brashi ndani ya ndoo ya maji chumvi. Angalia pia vianemoni vidogo vya kahawia vyenye mikono inayong'aa, yaani Aiptasia. Usiviponde, kwa sababu kipande kidogo tu huota kipya. Jiwe dogo lenye navyo ni heri uliache. Acha nafasi ya mkono kati ya mawe na kioo, la sivyo hutaweza kusafisha.

Mchanga uwe wa aragonaiti (aina ya madini ya chokaa), kina cha sentimita 3 hadi 5. Mkavu usuuze, ulio hai, yaani wenye bakteria, usiuguse kwa maji ya bomba. Maji yatachafuka siku moja au mbili, yaache.

Kisha subira. Amonia, sumu itokanayo na uchafu, hupanda; bakteria huigeuza kuwa naitraiti, mwisho naitreti. Wiki 4 hadi 6 ni kawaida. Utando wa kahawia mchangani ni diatomu, yaani mwani mdogo sana, utapita. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri, badilisha robo ya maji, anza kuweka viumbe, kwanza konokono. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazie kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haiondoki na mvuke.