Siku maji yalipogoma kupata moto

Binti yangu kaniuliza juzi, baba hii nyeupe nyeupe chini ya birika ni nini, nikamwambia chokaa ya kwenye maji, na hapohapo nikamkumbuka Mzee wa Uvira, kule Kongo, na ile van.

Enzi zile nasafisha makapeti hapa San Antonio, Texas. Mashine imefungwa ndani ya van, maji tunavuta bomba la nje kwa mteja, yanapata moto mle ndani halafu yanakimbia kwenye mpira mrefu mpaka sebuleni. Moto wenyewe unatoka kwenye injini: kulanti, yale maji ya kupoza injini, inazunguka nje ya koili, yaani bomba lililojikunja, maji ya kusafishia yanapita ndani, joto linahama. Geji ikisoma 200 za Farenhaiti, kama 93 za Selsiasi, hata mafuta ya jikoni yanaachia kapeti bila ugomvi. Basi ikaanza tabia, ukiwasha geji inapanda vizuri tu, ukishika wandi, ile fimbo ya kusafishia kapeti, ukaanza kazi inashuka mpaka 130, unasugua mgongo unauma na doa liko palepale.

Bosi akabadilisha thamostati. Akabadilisha senso. Akanunua na pampu. Hela ikaenda, moto haukurudi, na wenye apatimenti mwisho wa mwezi hawasubiri mtu.

Mzee alikuwa fundi wa injini za boti Ziwa Tanganyika kabla vita havijamleta huku. Yeye hakufungua spea yoyote. Kwanza alichungulia tenki la maji machafu, anatafuta maji safi, kwa sababu kuna valvu inamwaga humo maji yakizidi moto, sasa ikinasa wazi unakuwa unachemsha maji ya kutupa. Hayakuwepo. Akamwambia mwenzetu aliye ndani aendelee kubonyeza wandi, maji yasikatike hata kidogo, maana maji yakisimama kila bomba litaonekana la moto na hutajifunza kitu.

Halafu akaniita. "Mwanangu, kamata hapa." Ulikuwa mpira wa kulanti unaoingia kwenye koili. Nina glavu nene lakini sikuweza kukaa nao, nikaachia. "Sasa kamata na huu." Huu ndio unatoka, na mimi kichwani najua huu lazima uwe umepoa, si umeshatoa joto lake kwa maji? Ulikuwa wa moto vilevile. Akanielekeza kwa kidole bomba la maji yanayotoka kwenye koili, nikaligusa, vuguvugu. Nikarudia, mpira wa kwanza, wa pili, bomba, jua la Agosti liko utosini, injini inanguruma, na Mzee kanyamaza kabisa ananitazama mikono. Alitaka nione mwenyewe. Nikasema, moto unaingia na unatoka hivyohivyo, haujapokelewa. Akacheka kwa furaha kweli. "Moto iko. Njia ndiyo haiko."

Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka Edwards Aquifer, akiba ya maji iliyo chini ya ardhi, na chini huko ni miamba ya chokaa, na bomba za nje za nyumba mara nyingi hazipitii ile mashine ya kulainisha maji. Ukiyapasha moto, chokaa inajitenga na kuganda kwenye kuta za koili. Tulizungusha asidi ya kuondoa chokaa, ikatoa povu jingi, yakatoka maji kama maziwa na vipande vigumu mfano wa maganda ya yai. Kesho yake geji ilisimama karibu na 200 tukifanya kazi, na bosi akamshika Mzee mkono mbele yetu sote.

Miezi ikapita, chupa ya kulanti ikaanza kufurika. Koili imetoboka, maji yenye presha yanaingia kwenye kulanti. Bosi akasema asidi ndiyo imekula shaba. Mzee anasema tundu lilikuwepo siku nyingi, chokaa ndiyo ilikuwa kiraka. Leo nina van yangu, nimefunga kichujio cha kulainisha maji pale yanapoingia na asidi napitisha nyepesi mara kwa mara kabla chokaa haijanenepa, maana wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Mzee kahamia Ohio, nikimpigia simu lazima turudi kwenye ile koili. Mimi naegemea upande wake, ila ushahidi sina, iliuzwa chuma chakavu kabla mtu hajaipasua kuiangalia ndani.