Nyuma ya Kava

Mjomba alikuwa mpiga dramu wa bendi ya dansi, na nyumbani kwake Magomeni alikuwa na santuri chache za jazi ya Marekani alizouziwa na baharia. Jumapili moja, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alinikalisha karibu na gramafoni akaweka The Sidewinder ya Lee Morgan.

"Anko, tarumbeta liache. Msikilize huyu wa dramu," akaniambia.

Wimbo ule unapita dakika 10. Morgan anapuliza, kisha Joe Henderson anampokea na saksofoni yake, na muda wote toazi linatembea, halikimbii wala halilegei. Nilingoja apige kwa vishindo, aonyeshe ufundi wake. Wapi! Ila kila mpulizaji alipovuta pumzi, kijiti kiligusa ngoma pale pale panapotakiwa, kama mtu anayeitikia "ehee" unapomsimulia habari.

Mjomba akageuza kava, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo: Billy Higgins. Akatoa Takin' Off ya Herbie Hancock, akatoa Go ya Dexter Gordon, zote zilirekodiwa 1962. Nyuma, jina lile lile. Hata mpiga saksofoni Ornette Coleman alipowagawa wapenzi wa jazi kwa mtindo wake mwaka 1959, kwenye dramu alikaa Higgins. Wenye santuri hawakufanana kwa lolote, lakini wote walimwita yeye. Mpaka leo sijaona sifa kubwa kuliko hiyo kwa mpiga dramu wa studio.

"Na zako ziko wapi, mjomba?"

Bendi yake ilirekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, siku hizi Nyerere. Walipiga wote kwa pamoja, waimbaji na vyombo; mmoja akiteleza, wimbo unarudiwa tangu mwanzo. Kwa hiyo mpiga dramu alipaswa kuwa imara kuliko wote, na sauti yake isiwafunike waimbaji. Redioni tulisikia jina la bendi, la mtunzi, la mwimbaji. Nyimbo zenyewe nilizicheza kwenye harusi kibao, na mikono iliyokuwa ikinichezesha ilikuwa ya mjomba wangu!

Nikachukua daftari la shule, nikamwomba anitajie moja moja. Alitaja mpaka giza likaingia, na kila wimbo alisisitiza nimwandike na mpiga besi.