Mtoto wa mhunzi

Nimefunga kitabu sasa hivi, saa tano usiku, na usingizi umeniruka kabisa.

Wiki nzima nimekuwa nikisoma maisha ya Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza. Alizaliwa 1791, London, baba yake mhunzi, tena mtu wa kuuguaugua. Kuna wakati mtoto alipewa mkate mmoja, na huo huo umfikishe wiki.

Shule aliipata kidogo tu. Akiwa na miaka 14 akapelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Vitabu vya wateja vilivyopita mikononi mwake, alivisoma.

Mwaka 1812 mteja mmoja akampa tiketi za mihadhara ya Humphry Davy, mkemia mwenye jina kubwa. Faraday akaandika aliyoyasikia, akachora hata vifaa alivyoviona. Kurasa kama 300.

Akazijalidi mwenyewe, akampelekea Davy.

Hapo nikaweka kitabu kando. Jamani, namwona kijana yule na sindano, uzi na gundi, safari hii anashona maneno aliyoyaandika kwa mkono wake, si mali ya mteja!

1813 Davy akamwajiri msaidizi wa maabara. 1831 Faraday akaonyesha jinsi sumaku inavyozalisha umeme, na jenereta za leo zinatumia kanuni hiyo hiyo. Alipotakiwa kupewa cheo cha "Sir", alikataa.

Nimezikumbuka daftari zangu za kidato cha nne. Sijui ziliishia wapi, na imeniuma.

Ninyi je, maisha ya nani yamewahi kuwakosesha usingizi? Niandikieni hapa, niko macho.