College Physics ya OpenStax: wanachosema wanafunzi, wanachosema walimu

Kitabu cha College Physics cha OpenStax kimejaa kwenye simu za wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa sababu kubwa moja: ni bure. Kilitolewa mwaka 2012 na mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, Marekani, waandishi wakuu wakiwa Paul Peter Urone na Roger Hinrichs. Toleo la pili likatoka mwaka 2022. Kina sura 34 na kurasa zaidi ya 1,200, na hesabu zake ni za aljebra na trigonometria, bila kalkulasi (calculus).

Waulize walimu wanakionaje, wengi watakwambia kinaeleza vizuri. Waulize wanafunzi, watakwambia mifano ni rahisi, maswali ya mwisho wa sura ni magumu, na hakuna kinachokutoa kwenye mfano kukufikisha kwenye swali. Mimi naona wote wanasema kweli. Mwalimu anahukumu maelezo kwa sababu ndiyo anayoyasoma anapoandaa kipindi. Mwanafunzi anahukumu maswali kwa sababu ndiyo yanayomkesha.

Angalia mfano wa kwanza wa sura ya 5, ile ya msuguano. Mtu mwenye masi ya kilo 62 anateleza kwenye theluji, akishuka mteremko wa nyuzi 25. Kani ya msuguano imeshatajwa, 45.0 N (nyutoni), na inatakiwa koefishenti ya msuguano, yaani msuguano ukigawanywa kwa kani ambayo uso unasukumia kitu. Kitabu kinachora kani zote, kinaonyesha kwamba kani N ambayo mteremko unamsukumia mtelezaji ni mg cos 25°, yaani karibu 551 N, kisha kinagawanya 45.0 kwa 551 na kupata 0.082. Ni mfano safi, hauna kosa. Tatizo ni kwamba kazi ngumu yote ameshafanyiwa msomaji: mchoro, kuelekeza mihimili kufuata mteremko, kuligawa uzito mafungu mawili. Alichobakiziwa ni kugawanya namba mbili. Akifika kwenye maswali anakuta mteremko mwingine, safari hii koefishenti imetajwa, mchapuko (acceleration) ndio unaotafutwa, na masi haikutajwa popote. Wengi wanaishia hapo wakiamini swali limekosewa. Kumbe masi inajifuta: a = g(sin θ − μ cos θ), ambapo a ni mchapuko, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, θ ni pembe ya mteremko na μ ni koefishenti. Ila huwezi kuiona ikijifuta kama unaingiza namba tangu mstari wa kwanza. Andika herufi mpaka mwisho, ndipo uweke namba.

Njia inayosaidia zaidi ni kuuliza mfano huohuo maswali ambayo kitabu hakikuuliza. Funika kitabu, chora mwenyewe, halafu tafuta mchapuko wa yule mtelezaji. Uzito unaovuta kushuka ni mg sin 25°, yaani 257 N. Toa msuguano wa 45 N, inabaki 212 N. Gawa kwa 62, unapata 3.4 m/s². Sasa mgeuze awe anateleza kupanda kwa kasi aliyokuwa nayo. Msuguano nao unageuka na kuelekea chini, unajumlika na uzito kufika 302 N, na kasi yake inapungua kwa 4.9 m/s kila sekunde. Ukiweza hayo matatu bila kuchungulia, maswali ya sehemu hiyo hayatakutisha.

Kwa mwalimu anayesahihisha, mfano huu una faida nyingine: jibu lililokosewa linakuonyesha kosa lilipo. Aliyepata 0.175 ameweka sin mahali pa cos, na mara nyingi ni kwa sababu hakuchora. Aliyepata 0.074 amechukua N kuwa sawa na mg, kana kwamba mtelezaji yuko tambarare. Aliyepata 0.075 anajua fizikia vizuri tu, kikokotoo chake ndicho kilichowekwa kwenye radiani badala ya nyuzi. Hayo mawili ya mwisho yanakaribiana mno, na ukiyafanya kosa moja utamwonea mmoja wao. Dai hatua zote ziandikwe, pamoja na thamani ya N, kabla ya jibu la mwisho.

Lalamiko lingine la wanafunzi ni kwamba maswali hayana alama ya ugumu. Hili nakubaliana nalo kabisa. Katika vitabu vingine vya fizikia, Halliday na Resnick wanaweka nukta moja, mbili au tatu kando ya swali, Giancoli anaweka namba I, II, III, na mwanafunzi anajua anachokwenda kukutana nacho. College Physics inayapanga maswali kwa sehemu za sura tu. Kwa kawaida yanayotangulia katika kila sehemu ni ya moja kwa moja, na kadiri unavyoshuka yanaanza kudai mawazo mawili au matatu kwa pamoja. Kwa hiyo usianze swali la 1 ukitaraji kwenda mfululizo mpaka mwisho wa orodha. Chukua mawili ya mwanzo ya kila sehemu, maliza sura nzima hivyo, kisha rudi kwenye yale ya chini.

Na usiyaruke maswali ya aina mbili ambayo wengi huyapita kwa kuwa hayafanani na pasipepa. Kuna yale yanayokupa data zinazozaa jibu lisilowezekana, kisha yanakutaka useme kwa nini haliwezekani na ni dhana ipi iliyoharibu. Kuna na yale yanayokutaka utunge swali lako. Kwangu mimi haya ndiyo bora kuliko yote kitabuni. Mtu aliyezoea kujiuliza kama jibu lina mantiki hataandika kwenye mtihani kwamba gari lilikuwa linakwenda mita 900 kwa sekunde.

Waliotoka kombi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) ndio wanaokipenda zaidi, na wana haki. Kitabu kina mifano mingi ya tiba na biolojia. Sura ya 12 inaeleza mtiririko wa damu kwa sheria ya Poiseuille, ambamo mtiririko unafuata nusu kipenyo ikiwa imepandishwa kipeo cha nne. Mafuta yakiganda ndani ya mshipa na mtiririko ukashuka hadi nusu, na shinikizo likabaki lilelile, nusu kipenyo imebaki mara 0.841 ya ilivyokuwa. Yaani mshipa umepungua asilimia 16 tu, damu imepungua nusu. Mwanafunzi wa udaktari akishalifanya hesabu hilo kwa mkono wake, hahitaji kushawishiwa kwa nini anasomeshwa fizikia. Sura ya 17 ina usikivu, ya 26 ina macho, ya 32 ina matumizi ya fizikia ya nyuklia hospitalini.

Wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) wana manung'uniko tofauti. Waliopita kwenye kitabu cha Nelkon na Parker kidato cha tano na sita wanaona maneno ni mengi na hesabu ni chache. Hilo la maneno ni suala la mazoea. La hesabu ni zito zaidi. Bila kalkulasi, kitabu kinalazimika kupita njia za pembeni: nishati ya springi inapatikana kwa kuchukua wastani wa kani, kuanzia sifuri hadi kx (k ni ugumu wa springi), ukazidisha kwa umbali x, ukapata ½kx². Ni sahihi, kwa sababu kani ya springi inapanda kwa mstari ulionyooka. Msomaji asiyeiona sababu hiyo atachukua wastani popote, hata pale kani inapopanda kwa mkunjo, na atakosea. Ndivyo inavyotokea pia kwa milinganyo ya mwendo ya sura ya 2. Inashika pale tu mchapuko usipobadilika, kitabu kinalisema hilo wazi, na bado utakuta mtu ametumia v² = v₀² + 2ax kwenye springi au kwenye kitu kinachoanguka kikipingwa na hewa. Kila unapoushika mlinganyo huo, andika kwanza kando yake: mchapuko haubadiliki, kwa sababu gani? Ukikosa sababu, nenda kwenye nishati, sura ya 7.

Anayesoma uhandisi asing'ang'anie kitabu hiki. OpenStax haohao wana University Physics, vitabu vitatu vyenye kalkulasi, navyo ni bure vilevile. Cha kwanza kina mekanika na mawimbi, cha pili joto na umeme, cha tatu mwanga na fizikia ya kisasa.

Walimu nao wana kilio chao: wanafunzi hawasomi, wanategemea madesa na wanafungua kitabu siku ya zoezi. Kumlaumu mwanafunzi peke yake hakutoshi. Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake alichapisha uchambuzi wa kozi 62 zenye wanafunzi zaidi ya 6,000, waliopimwa dhana za mekanika kabla na baada ya kozi. Kozi za mhadhara wa kawaida zilipata wastani wa 0.23 ya ongezeko lililowezekana. Zile ambazo wanafunzi walijibishana na kufanya kazi darasani zilipata 0.48. Kwa hiyo hata maelezo mazuri namna gani hayatatosha kama kipindi chote ni mwalimu kuyarudia ubaoni. Wape wasome sehemu moja ya kurasa chache, si sura nzima, na uanze kipindi kwa swali moja la dhana kutoka kwenye orodha ya mwisho wa sura, lile lisilo na namba. Kila mtu aandike jibu lake, ajadiliane na jirani, ndipo ueleze.

Sura 34 hazimaliziki kwa mihula miwili, na walimu wanaojaribu kuzimaliza wanaishia kukimbia. Kama ni muhula mmoja wa mekanika, sura ya 2 hadi ya 10 zinatosha. Sehemu ya mwisho ya sura ya 6, inayohusu satelaiti na mwendo wa sayari, waachie wajisomee. Kwa darasa la afya, punguza mzunguko wa sura ya 10 ili upate wiki mbili kamili za vimiminika, sura ya 11 na 12.

Leseni yake ya Creative Commons inaruhusu kunakili, kubadilisha na hata kutafsiri, mradi chanzo kitajwe. Basi mtelezaji wa theluji mgeuze kreti ya soda kwenye ubao wa kupakulia lori, kwa pembe ileile na namba zilezile. Ukienda steshenari, chapisha sura unazofundisha tu. Na kabla ya kugawa maswali kwa namba, hakikisha darasa zima lina toleo moja, la 2012 au la 2022, ama sivyo bandika swali lenyewe kwenye grupu.